Taulo, Melikani na Kanga za Mama

Chang'ombe, Dar es Salaam
3 Novemba 1974

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua anayekusomea barua hii ni Dada Bernadeta, naye namwamkia hapo hapo alipokaa. Mie mzima, tumbo nalo zima, linanipiga mateke hasa nikilalia ubavu wa kushoto. Kasiani yuko kiwandani tangu alfajiri.

Nina jambo la kukuuliza na jambo la kukuambia. Naanza na la kuuliza kwa kuwa ndilo jepesi.

Nesi wa kliniki ametuagiza tuanze kutayarisha nepi, maana mtoto ni wa Februari na siku zinakimbia. Mie nina aina tatu mbele yangu na sijui nishike ipi. Kuna taulo. Jirani yangu wa chumba cha pili, Felicitas, Mhaya anayepiga taipu ofisini mjini, ana nepi kumi za taulo alizolelea wanawe, nyeupe, nzito, bado nzima, ananipa bure. Zinanyonya sana, ila kuzikausha ni siku mbili. Kuna melikani. Kiwandani kwa kina Kasiani wafanyakazi wanagawiwa vipande vinavyobaki. Ni kitambaa kigumu mpaka ukichemshe mara tatu nne, lakini kinakauka upesi na ninaweza kukata nepi nyingi kadiri nitakavyo. Halafu kuna kanga zako kuukuu zilizo sandukuni mwako huko nyumbani. Hizo ni laini kuliko zote, lakini nyepesi, mtoto akikojoa mara moja na wewe umelowa.

La kukuambia ni hili, Mama. Sitakuja kujifungulia nyumbani. Hospitali hapa ni mwendo wa nusu saa kwa mguu, na mimi safari hii nataka kuwa karibu na hospitali. Nakuomba uje wewe. Njoo mapema, kabla mvua hazijakata barabara kule Rufiji. Chumba chetu ni kimoja lakini tutatundika pazia, wewe na mimi kitandani, Kasiani upande wa mlango.

Njoo, Mama. Kasiani akienda kazini na Felicitas akienda mjini, nyumba nzima nabaki mie na kuku wa mwenye nyumba. Jana nilijikuta nawasimulia habari za kwetu.

Mwanao,
Rosalia


Kijiji cha Ujamaa Namalembo, Masasi
24 Novemba 1974

Rosalia,

Marahaba. Bernadeta anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asipunguze neno hata moja.

(Sipunguzi. Usinilaumu mimi. – Bernadeta)

Umekuwa mtu wa mjini sasa, mpaka nepi zina aina. Sisi tuliita winda, na lilikuwa la namna moja: nguo aliyoivaa mama mzazi mpaka ikachoka. Taulo ni la kufutia miguu. Unataka mjukuu wangu akalie kitu kinene kama godoro, miguu ipinde, atembee kama bata? Hebu watazame watoto wa huyo Felicitas wanavyotembea, halafu uniambie kweli.

Na hiyo melikani! Hapo nilimwambia Bernadeta arudie kusoma, nilidhani macho yake yamekosea. Melikani ni sanda. Baba yako tulimzika nayo, niliishona mimi kwa mkono wangu. Utaichemsha mara ngapi mpaka isahau kazi yake? Ukimfunga mtoto melikani usiniandikie tena.

Bernadeta ananiambia nipunguze sauti. Huku tulikohamishiwa nyumba zimepangwa mstari kama madawati, ukikohoa, mtu wa nyumba ya tatu anakuambia pole. Wacha wasikie.

Kanga zangu zipo tano. Hazipandi basi. Anayezitaka azifuate. Mtoto huzaliwa kwao mama yake. Mimi nilikuzaa kwa mama yangu, na mama yangu alinizaa kwa mama yake. Ukikaa huko, asije mtu kuniomba hata kipande.

Na mimi siji. Nilale nyuma ya pazia na mkwe wangu upande wa pili, anasikia ninavyogeuka? Asubuhi nimwangalie kwa macho gani? Dar es Salaam imekusahaulisha adabu au ulikuwa huna tangu mwanzo?

Halafu unakula nini? Barua nzima hukusema unakula nini.

Mama yako,
Yustina


Chang'ombe
15 Desemba 1974

Mama,

Shikamoo. Nimechagua taulo.

Umesema mtoto azaliwe kwetu. Yule wa kwanza alizaliwa kwetu, Mama. Nilifuata kila ulichosema. Nilikuja na mimba ya miezi minane, nikajifungulia kwenye mkeka wako, akafungwa kanga zako, na siku ya sita nikawa sina mtoto. Nilirudi Dar es Salaam matiti yamejaa na mikono mitupu. Sisemi ni kosa lako. Sijawahi kusema. Lakini usinilazimishe kurudi pale pale, nilale pale pale, nione kanga zile zile.

Basi kanga zako kaa nazo.

Nakula wali na dagaa.

Felicitas aliniambia barua ya hasira inangojewa siku moja kabla ya kutumwa. Nimengoja siku mbili, hasira bado ipo, naituma.

Rosalia


Namalembo
6 Januari 1975

Shemeji Kasiani,

Salamu. Nimeandika kwa anwani ya kiwandani makusudi, ili barua hii isiingie nyumbani. Tafuta mahali ukae kwanza.

Mama ametutoka. Amefariki tarehe mbili, siku ya pili tu ya mwaka, kwa homa iliyomshika siku nne. Dawa za zahanati alikunywa, hazikusaidia. Tumemzika tarehe tatu, watu walikuwa wengi, hata wale aliokuwa haongei nao.

Sasa nisikilize. Rosalia asiambiwe. Wazee wamekaa na wamesema hivyo, na Padre amekubali. Ana mimba ya miezi saba, na ya kwanza unajua ilivyokwisha. Mwenye mimba hapewi msiba, hilo najua hata kwenu lipo. Utamwambia magoti ya mama yanauma, hawezi safari. Barua zake zije kama kawaida, nitazijibu mimi kwa jina la mama. Mwandiko ni wangu tangu mwanzo, hatajua.

Ile barua yake ya Desemba ilifika tarehe 29. Ilikuwa barua nzito. Hayo tutaongea siku nyingine.

Najua nakubebesha mzigo. Kaza uso, shemeji. Ukitaka kulia, lia huko huko kwenye mashine, zinapiga kelele.

Shemeji yako,
Bernadeta


Namalembo
12 Januari 1975

Mwanangu Rosalia,

Marahaba. Barua yako nimesomewa, wala sikukasirika. Ulilosema ni kweli. Taulo ni kitu kizuri, umshukuru Felicitas kwa niaba yangu. Na melikani si mbaya ukiichemsha vizuri. Wewe ndiye mama wa mtoto, chagua unachopenda.

Magoti yananisumbua, sitaweza kusafiri. Jifungulie huko huko karibu na hospitali, umefikiri vyema. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Radhi zangu unazo, zote.

Mama yako,
Yustina


Chang'ombe
2 Februari 1975

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka Felicitas akaniuliza kama nimeandikiwa na serikali. Nilifurahi. Nililia kwa furaha, nikaenda kusuka nywele. Halafu sikufurahi tena, na sijui nikuelezeje. Hata kwa melikani hukunipa neno kali? Magoti yanauma kiasi gani?

Mambo yameongezeka huku, nataka unishauri. Felicitas ameniletea chupi za nailoni zinazovaliwa juu ya nepi. Mtoto anakojoa humo ndani, nje pakavu, unaweza kumwacha hivyo nusu siku ukaendelea na shughuli zako. Na nimenunua pini zile kubwa, kufunga fundo nimeona ni mambo ya zamani. Kisha ile kanga ya harusi, ile uliyonifunga wewe mwenyewe kiunoni mbele ya watu, nafikiri kuikata vipande iwe ya kumfutia mtoto. Unasemaje? Nijibu upesi, Mama, na useme kama unavyosema.

Kasiani amebadilika. Anakula ameinamia sahani, akimaliza anakimbilia barazani. Nikimtazama anatazama ukuta. Jumapili nilimkuta ameshika barua, akaitia mfukoni haraka kama mtoto aliyeiba sukari. Nafikiri ana mwanamke. Siwezi kumwambia mtu hapa. Felicitas ni mwema, lakini ni jirani, na kesho tutagombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Nakuambia wewe tu. Niko mpweke, Mama. Sikudhani mtu anaweza kuwa mpweke na mume ndani na mtoto tumboni.

Rosalia


Namalembo
13 Februari 1975

Mwanangu Rosalia,

Marahaba. Nailoni ni kitu cha maana, dunia inaendelea. Pini nazo ni sawa, angalia tu zisimchome. Kanga ni yako, ukiona inafaa kukatwa, ikate.

Kasiani usimfikirie vibaya. Ni kijana mwema, ana mawazo ya kazi. Mpikie vizuri na ule vizuri. Mungu atakusimamia siku hiyo, nami nakuombea.

Mama yako,
Yustina


Chang'ombe
3 Machi 1975

Shemeji Bernadeta,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa tarehe 26 Februari, msichana, kilo tatu na robo. Mama na mtoto wazima. Tumempa jina la mama yangu, Eufrazia.

Nakuomba ruhusa nimwambie. Shemeji, mimi si mtu wa kuficha, hata nikiwa mdogo nilikuwa nakiri kosa kabla sijaulizwa. Mwezi wa Januari Rosalia alikuwa ananusa mashati yangu kabla ya kuyafua, anatafuta manukato ya mwanamke. Nami namwona, na siwezi kusema neno. Siku hizi amekuwa mkimya zaidi. Hanusi tena. Ananitazama, ananiongezea mboga, basi. Hilo linaniogopesha kuliko yale ya mashati.

Nami nilimpenda mama yule. Siku niliyokuja kuposa alinichinjia jogoo na akanitukana, yote mawili kabla ya adhuhuri. Sijamlilia vizuri. Nalia kiwandani kama ulivyosema, lakini msimamizi ameanza kuniuliza.

Nijibu hata kwa simu ya posta.

Kasiani


[Simu ya maandishi. Masasi, 17 Machi 1975]

MAZIWA YATAKATIKA. NGOJA ARUBAINI IISHE. BERNADETA


Chang'ombe
20 Aprili 1975

Dada Bernadeta,

Shikamoo. Barua hii ni yako, isome peke yako. Hakuna wa kumsomea.

Kasiani aliniambia wiki iliyopita. Alivaa shati safi, akaketi juu ya kigoda, akaanza kuzungukazunguka habari za mwili na udongo kama Padre. Nikamwonea huruma, nikamwambia: acha, najua, nimejua tangu Februari. Alitazama mlango kama mtu anayetaka kuuliza njia. Kisha tukalia, hatimaye, wote wawili pamoja.

Utaniuliza nilijuaje. Dada, wewe unaandika vizuri, watoto wa shule wana bahati kukupata. Lakini mama yetu hujui kumwandika. Barua ya kwanza ilinitia shaka. Nikakaa nikatunga ile ya pili. Nilidanganya. Chupi za nailoni hazikuwapo, Felicitas hajawahi kuwa nazo. Pini sikununua. Kanga ya harusi haijaguswa na mkasi. Nilikuwa namchokoza. Nilitaka anitukane, Dada. Nilitaka aniulize kama nimerogwa, aniambie mtoto si gunia la chumvi la kufungiwa ndani ya nailoni. Nikakaa nangoja tusi langu. Ikaja barua inasema dunia inaendelea, kanga ikate.

Nilipofika pale nikaikunja. Nikajua hayupo.

Siku hiyo nilikwenda bafuni na ndoo mbili za maji, nikawa namwaga kidogo kidogo yasiishe upesi, mlio wake ufunike kilio. Kasiani alikuwa barazani. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa haniangalii, na lile la mwanamke likanitoka. Nikamwona anavyohangaika kuniokoa, nikasema wacha nimwachie, nisimharibie kazi yake. Basi tukaishi chumba kimoja, kitanda kimoja, sahani moja, kila mtu na msiba wake mfukoni, hakuna wa kumpa mwenzake pole. Nilijifungua nikijua. Nesi alisema mbona hulii, wenzako wanalia. Nikamwambia zamu yangu imepita.

Eufrazia anavaa taulo. Zinamchubua mapajani, na kwa mvua hizi hazikauki, namfunga zikiwa mbichi mbichi. Melikani niliichemsha mara nne. Nikaikunja, nikamlaza juu yake, nikaitazama, nikashindwa kufunga.

Sina ugomvi na wewe kwa kunificha. Hata mimi huenda ningefanya vile vile. Nakuuliza mawili tu. Ile barua yangu ya Desemba, ulimsomea? Na radhi ulizoniandikia, ni zake au zako? Mara hii usiwe mpole.

Mdogo wako,
Rosalia


Namalembo
11 Mei 1975

Rosalia,

Marahaba. Nimeisoma peke yangu kama ulivyosema, nikafunga mlango mchana, majirani wakadhani naumwa.

Radhi ni zangu. Nilizitoa mimi nisiye na haki ya kuzitoa. Mama hakusema.

Barua nilimsomea. Tarehe 29 jioni, alikuwa anachambua kunde. Nilipofika pale pa mikono mitupu nilinyamaza, nilitaka kuruka, akasema soma. Nikasoma mpaka mwisho. Aliendelea kuchambua. Baadaye akaniuliza ile siku ya sita ilikuwa siku gani ya wiki. Nikamwambia Alhamisi. Akasema, ndiyo, Alhamisi. Akarudia kunde zake. Kesho yake homa ikamshika, na katika homa alitaja watu wengi, wewe, mimi, baba, hata mbuzi wetu mmoja wa zamani, lakini hayakuwa maneno ya kukamata. Kama alikuwa na hasira na wewe, sijui. Kama alikusamehe, sijui. Homa haikuletwa na barua yako, hilo nasema kwa kiapo; wiki ile tulizika watu watatu kwa homa hiyo hiyo.

Unasema sijui kumwandika. Nilijua, Rosalia. Nilianza kuandika ukali wake. Niliandika "mpumbavu wewe", nikasikia sauti yake nyuma yangu wazi kabisa, nikachana karatasi. Upole uliniwia rahisi kwa sababu haukuwa wake. Na nikuambie la aibu: nilikuwa nazingojea barua zako. Ulipoandika "Mama", kwa siku hiyo moja nilikuwa bado na mama ndani ya nyumba. Sina mume, sina mtoto, jioni narudi toka shuleni nakuta jiko limelala. Sikukuficha kwa ajili ya mimba yako peke yake.

Kuna jambo jingine nililokuficha, na hili ndilo zito. Tulipofungua sanduku lake tulikuta kanga tatu. Mbili zilizobaki katika zile tano alikwisha kuzikata. Zimekuwa mawinda kumi na manne, kila moja limepindwa pande zote kwa mkono. Sikuwahi kumwona akishona. Bila shaka alishona nikiwa shuleni. Wala kumi na manne hayashoneki kwa siku moja. Maana yake, wakati ananiamuru niandike kwamba asije mtu kumwomba hata kipande, alikuwa ameshakata, au alikata siku hiyo hiyo nilipotoka kwenda posta. Sisemi hiyo ni radhi. Ulitaka kweli, nakuambia nilichokiona.

Sikuyatuma, kwa sababu ungeyaona ungejua. Mama asingeyatoa mkononi mwake akiwa hai bila wewe kuyafuata. Nikayarudisha sandukuni, nikasema nitayapeleka ukishajifungua. Sikufikiri.

Ni madogo, Rosalia. Nimeyapima kwa shubiri. Mama aliyakata kwa kipimo cha yule wa kwanza, maana ndiye mjukuu pekee aliyepata kumfunga. Mtoto wa wiki moja yangemtosha, hata wa wiki tatu. Wako sasa ana miezi miwili na nusu. Kama ningeyatuma Januari angeyavaa. Hilo nimelifanya mimi, na sijui namna ya kulirudisha nyuma.

Barabara ikifunguka, Mzee Nikodemu, dereva wa misheni, anakuja Dar es Salaam. Nimempa mfuko.

Dada yako,
Bernadeta


Chang'ombe
22 Juni 1975

Dada,

Shikamoo. Mzee Nikodemu alifika juzi, akakataa hata chai, akasema ameagizwa atoe mfuko mkononi mwangu na si kwa mtu mwingine. Nimeupata.

Niliyatandaza yote kumi na manne kitandani. Mshono ni wake. Anakaza uzi mno, mpaka pindo linakunjamana, na alipokosea hakufumua, alipita juu yake kwa ubishi. Kasiani alisimama akatazama, akavua kofia. Felicitas alisema yatafaa kwa kumfutia mate. Nikamwambia tutaona.

Usijilaumu zaidi ya hapo ulipofika. Hata mimi nilimwambia akae na kanga zake, na neno hilo lilimfikia, ulimsomea wewe, na hakuna posta ya kulirudisha. Nakasirika naye pia, nikwambie kweli. Angeweza kusema. Alikuwa na mdomo wa kusema kila kitu, hili akalifungia sandukuni. Likizo ya shule ikifika njoo ukae nasi. Huna haja ya kumwandika mtu yeyote, njoo wewe.

Leo asubuhi, Kasiani alipokwenda kazini na nyumba ikanyamaza, nilimvua Eufrazia taulo nikamlaza juu ya winda moja. Amenenepa, mapaja yake yana mikunjo mitatu. Nikavuta ncha huku na huku. Hazikufikana, zilibakiza kiasi cha vidole vinne. Nikazishika kwa mikono yangu miwili pale zilipoishia, nikampakata hivyo hivyo, na tukakaa. Alitulia kuliko anavyotulia siku zote. Baada ya muda akanikojolea. Lililowa lote kwa mara moja, mkojo ukapita, ukanifika mpaka miguuni, nami sikuachia.

Mdogo wako,
Rosalia